Chipu Iliyomhesabia Baba

Karakana yangu iko Homa Bay, si mbali na soko, na kila anayeingia mara ya kwanza huikodolea macho mashine iliyo kwenye meza ya dirishani. Ni fremu ya chuma niliyoichomelea mwenyewe, kwa hiyo haijanyooka. Ina mota mbili nilizozing'oa kwenye fotokopi kuukuu: moja huzungusha kalibu, kipande cha mbao ambacho waya huviringwa juu yake, nyingine husogeza waya wa shaba kushoto na kulia ili ulale mstari kwa mstari. Nikibonyeza kitufe, kalibu huanza polepole, huongeza mwendo, kisha hupunguza na kusimama pale pale ninapotaka. Watu huuliza kama ni kompyuta. Nawaambia hapana, ni chipu moja ndogo kama ukucha wa kidole gumba, na ina kazi moja tu duniani. Hapo natamani kuwasimulia habari za baba yangu, lakini wengi wamekuja na pampu iliyoungua, na mtu mwenye pampu iliyoungua hana muda wa kusikiliza habari za baba wa mtu.

Baba alikuwa fundi wa kusuka mota mjini Migori. Mota ya umeme ikiungua, nyaya za ndani hugeuka nyeusi na kunuka. Fundi huzitoa zote, huhesabu kila koili ilikuwa na mizunguko mingapi, kisha husuka mpya zenye idadi ile ile. Idadi ndiyo kila kitu. Ukipunguza, mota hunywa umeme kupita kiasi na kupata joto. Ukizidisha, hukosa nguvu. Ukipunguza huku na kuzidisha kule, itaungua tena, na mwenyewe atakurudia amenuna. Baba alisuka mota za mashine za unga za Lambwe, za pampu za Karungu, za mitambo ya barafu ya samaki kule Muhuru Bay, na za vinu vya kusaga mawe ya dhahabu za pale pale Migori. Alisuka kwa mkono, akizungusha kalibu kwa mpini, na alihesabu kwa sauti kwa Kijaluo: achiel, ariyo, adek. Akifika apar, yaani kumi, alitupa kizibo cha soda kwenye mkebe na kuanza tena. Vizibo vinne na mizunguko sita juu yake, hiyo ni arobaini na sita.

Kwa sababu hiyo, katika karakana ya Baba hakuna aliyesalimia. Kwetu kuingia kwa mtu bila salamu ni utovu wa adabu, na kuacha salamu bila kuijibu ni utovu mkubwa zaidi. Baba hakuweza kuiacha. Ukimwambia "Oyawore" akiwa kwenye thelathini na nane, angejibu "Oyawore ahinya," akuulizie watu wa nyumbani mmoja mmoja, halafu afungue waya wote na kuanza upya. Watu wa Migori walijifunza. Waliingia wamefunga midomo, wakakaa kwenye benchi, wakangoja. Niliwahi kumkuta mchungaji wa kanisa na mnunuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Kuria wamekaa pale bega kwa bega, wote wawili wameiangalia mikono ya Baba kwa heshima ambayo sina hakika waliionyesha mahali pengine. Koili ikiisha, Baba aliinuka, akajifuta mikono, akawasalimia mmoja baada ya mwingine, taratibu, kana kwamba ndiyo kwanza wameingia.

Mimi nilirudi nyumbani kutoka chuo cha ufundi na diploma ya elektroniki na kichwa kilichovimba. Sikuwa na kazi nyingine, lakini sikukiri hivyo. Nilisema nimekuja kuisaidia karakana iende na wakati. Baba alinitazama akatabasamu. Akanipa sandpepa na mota yenye kutu. Nilipomwambia kuna vidude vya kuhesabu mizunguko, aliniuliza kama vidude hivyo vinajua kuvuta waya. Nilisema havijui. "Basi mimi nitavuta na kuhesabu pia," alisema. "Mdomo wangu hauna kazi nyingine." Nilikasirika, kama nilivyozoea kukasirika miaka ile, nikaenda kusugua kutu yangu.

Mota ya kwanza kurudi ilikuwa ya mama mmoja wa Lambwe mwenye mashine ya kusaga unga. Haikuwa imemaliza wiki mbili.

"Mzee, hii kitu imeungua tena," alisema akiishusha kutoka kwenye pikipiki. "Ilikuwa inalia vibaya, nikajua tu."

Baba alisema umeme wa Lambwe unapanda na kushuka. Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo sikufikiria zaidi. Kisha ikarudi ya pili, ya kinu cha mawe. Kisha ya tatu. Ile ya tatu niliifungua mimi mwenyewe Baba alipokuwa amekwenda kula. Niliukata uzi wa koili moja, nikaufungua waya taratibu na kuhesabu. Daftari la Baba lilisema arobaini na sita. Nilipata hamsini na saba. Nikadhani nimekosea, nikafungua nyingine. Thelathini na saba.

Nilikaa chini. Hakuna mtu aliyekuwa amemsalimia Baba alipokuwa anasuka mota ile. Nilikuwepo, benchi lilikuwa tupu. Alikuwa anapotea peke yake. Makumi yalikuwa yanamponyoka, mara moja zaidi, mara moja pungufu, na mdomo wake ulikuwa bado unahesabu kwa sauti ile ile.

Lazima nieleze maana yake. Baba hakuwa na shamba la kutajwa wala ng'ombe. Alikuwa na jina. Watu walitoka na mota Muhuru Bay, wakawapita mafundi wengine njiani, kwa sababu ya jina hilo. Kama ingejulikana kwamba hesabu imemtoka, benchi lingebaki tupu katika mwezi mmoja, naye angekaa nyumbani kumngojea daktari na kifo. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa, kwa sababu wakati ule nilijifanya nina hasira tu.

Nikaanza kudanganya. Kila siku Baba alipokwenda kula na kupumzika kidogo, nilizifungua koili alizosuka asubuhi, nikazihesabu na kuzisuka upya. Nyingi zilikuwa nzuri, ila zilikuwa na mzunguko mmoja zaidi: arobaini na saba badala ya arobaini na sita. Hizo nazo nilizirekebisha. Nilisikitika kwamba hata katika koili zake nzuri mzee wangu alishindwa na moja. Mtu aliyesoma kweli angejiuliza mbona kosa hilo halibadiliki, mbona ni moja zaidi kila mara. Sikujiuliza. Diploma ilikuwa ukutani, mimi nikawa na uhakika wangu.

Mota ziliacha kurudi. Lakini mapumziko ya Baba hayakutosha kwa kazi yote, vidole viliniuma, na nilihofia siku ambayo angerudi mapema na kunikuta nimekaa juu ya shaba yake iliyofumuliwa. Ndipo nikaamua kutengeneza mashine ya kusuka, nikamwambia ni ya kujifunzia tu.

Mota zile za fotokopi huitwa mota za hatua. Hazizunguki hovyo kama mota ya kinu. Ukizipa mpigo mmoja wa umeme, zinasogea hatua moja na kusimama. Zangu zilihitaji mipigo mia mbili kumaliza mzunguko mmoja, basi ukijua umetuma mipigo mingapi, unajua kalibu imezunguka mara ngapi. Ubaya wake ni kwamba hazina macho. Ukizianzisha kwa pupa wakati waya umekaza, hutetemeka pale pale bila kusogea, na anayetuma mipigo anaendelea kuhesabu akidhani mambo ni mazuri. Nilipoelewa hivyo nilicheka vibaya, kisha sikucheka tena.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa na kibao kidogo cha elektroniki kilichofanya kila kitu: kilisoma vitufe, kiliandika namba kwenye kioo, na kilituma mipigo. Kila kilipogeuka kuandika namba, mipigo ilikatika kidogo, mota ikakohoa, na hatua kadhaa zikapotea. Koili ya arobaini na sita ilitoka na arobaini na tatu, halafu arobaini na nne. Kioo kiliandika arobaini na sita kila mara, bila aibu. Niliipiga meza teke. Baba aliinua macho kutoka kwenye kalibu yake, na alikuwa kwenye ishirini na ngapi sijui.

Nilisoma usiku na mchana kwenye simu mpaka nikajua kosa langu. Zipo chipu zilizotengenezwa kwa ajili ya kuendesha mota za hatua peke yake. Huna haja ya kuisimamia. Unaipa namba nne: ianze kwa mwendo gani, ifike mwendo gani, iongeze kwa kiasi gani, na isimame baada ya hatua ngapi. Baada ya hapo inajitenga na kufanya hesabu yake. Mipigo inatoka sawasawa, ikikaribiana kidogo kidogo, kisha ikiachana kidogo kidogo hadi mwisho. Kibao kinaweza kuandika kwenye kioo kinavyotaka, chipu haijali. Niliagiza moja, ikanifikia ndani ya bahasha iliyojaa sponji. Nilipoifungua Baba aliuliza kama nimetumiwa mbegu.

Siku mashine ilipofanya kazi, aliiacha kalibu yake na kuja kusimama nyuma yangu. Aliisikiliza ikianza, ikipanda, ikishuka, ikisimama.

"Nani anahesabu?" aliuliza.

"Hii hapa, Baba." Nilimwonyesha kwa ncha ya bisibisi.

"Na mtu akiisalimia?"

"Haisikii."

Alicheka mpaka akashika meza. "Nyara," alisema, yaani binti yangu, "umemleta mtu asiye na adabu hata kidogo. Huyo atafanya kazi vizuri."

Toka siku hiyo nilisuka koili mpya kwa mashine, nikaziweka mahali pa zake. Yeye aliendelea kusuka kwa mkono kila asubuhi, vizibo vikilia kwenye mkebe. Nami niliendelea kuzifumua mchana. Nilijiona nimemaliza tatizo.

Kisha ikaletwa mota ya pampu ya maji ya Karungu. Pampu hiyo huvuta maji ziwani na kuyapandisha kwenye tangi la kilimani, na watu wengi walikuwa wamerudi kuchota ziwani kwa madumu. Tuliisuka kwa siku tatu, tukaipaka vanishi, tukaikausha, tukaiwasha juu ya meza. Nikapima umeme, ulizidi kidogo, si wa kutisha. Nikasema iko tayari.

Baba alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye kifuniko cha mota na mpini kwenye sikio. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Imepungua moja," alisema.

"Baba, hii imehesabiwa na chipu. Chipu haikosei."

"Sijasema imekosea. Nimesema imepungua moja."

Sijui kama nilishawahi kumkasirikia hivyo. Nilichukua koili ya akiba iliyosukwa pamoja na zile, nikaifungua mbele yake, nikihesabu kwa sauti kama yeye ili asikie. Arobaini na sita. "Umeona?" nilisema, na najua sauti yangu ilikuwa ya kumsuta.

"Na wa kwanza umeuhesabu?"

"Kwa nini nisiuhesabu?"

"Wa kwanza hauhesabiwi." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Ule ni wa kuushika waya. Nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha alifundishwa hivyo. Unazungusha mara moja waya ushike, halafu unaanza achiel. Nikifungua mota ya mtu nahesabu hivyo hivyo, naandika hivyo hivyo."

Nilitazama daftari. Nikatazama mkebe wa vizibo. Arobaini na sita yake ilikuwa arobaini na saba, siku zote, katika kila ukurasa. Zile koili nzuri nilizomrekebishia kwa huruma zilikuwa sahihi. Kwa miezi nilikuwa nimeiharibu kazi yake nzuri pamoja na ile mbaya, kisha nikaifundisha chipu kuiharibu bila kuchoka.

"Mota zote zilizotoka hapa tangu mvua za masika zinalia hivi," aliendelea. "Moja haiunguzi. Mashine ya unga inasaga, inapumzika, kwa hiyo nikavumilia. Lakini pampu ya maji haipumziki."

"Ulijua," nilisema.

"Mimi nafunga koili kwa uzi upande wa kulia. Wewe unafunga kushoto."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Baba aliiweka bisibisi mezani, akakaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa. Aliniambia kwamba anapotea kwenye vizibo. Anashika kizibo mkononi na hajui kama ni cha kutupa au ametupa kingine sasa hivi. Ilianza zamani kidogo. Zile mota tatu zilipoungua alijua ni yeye, umeme wa Lambwe aliusingizia. "Halafu nikaona mtu anazirekebisha," alisema. "Nikasema basi, niendelee kusuka. Nikiacha, utajua kwamba najua."

Kwa hiyo kila asubuhi alisuka shaba ambayo alijua nitaifumua mchana, ili mimi nisione aibu. Na mimi nilifumua ili yeye asione aibu. Tulifanya kazi maradufu kwa miezi, watu wawili wenye akili timamu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Nililia, naye akanipigapiga mgongoni, huku akiniambia nisidondoshe machozi kwenye mota ya watu.

Tuliisuka upya. Safari hii alivuta kiti karibu na mashine, akaniambia nimwambie yule asiye na adabu arobaini na saba. Kisha akaanza kunisumbua kuhusu mwendo. Inaanza kwa haraka, punguza. Sasa inakwenda polepole mno, waya unalegea, ongeza kidogo. Alishika waya katikati ya vidole viwili huku mashine ikizunguka na kuniambia mbele, nyuma, mbele kidogo, na mimi nikabadilisha namba ndani ya chipu mpaka akasema, "Ber," basi, ni vizuri. Namba hizo sijazigusa tangu siku hiyo. Baba alikufa miaka mitatu iliyopita, na kila koili inayosukwa hapa Homa Bay bado inaanza kwa mwendo wa mkono wake. Nikiwa na wateja sipendi kusimama karibu nayo inapoanza.

Tuliipeleka mota Karungu kwa pikapu ya kamati ya maji. Mwenyekiti wa kamati, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa ametungoja tangu asubuhi, na nyuma yake foleni ya madumu ilifika barabarani. Tuliifunga, nikaunganisha nyaya, nikawasha. Pampu ilinguruma. Baada ya muda bomba la kilimani lilitema hewa, likatema maji machafu, kisha likatoa maji safi, na akina mama wakapiga vigelegele.

"Mzee!" mwenyekiti alisema. "Hii mikono yako bado iko, aki!"

"Iko sana," nilidakia kabla Baba hajajibu. "Yeye ndiye amesuka."

Baba alinyanyua mkono. Alikuwa amezoea kusema Kijaluo na watu wa pale, lakini aliongea Kiswahili, na mlinzi wa pampu, Mkuria asiyejua Kijaluo, alisogea karibu kusikiliza.

"Hapana," alisema. "Hii mota sikusuka mimi. Kichwa yangu imeanza kupoteza hesabu. Kumi inapotea na sijui imeenda wapi. Zile mota ziliungua mwaka huu, ni mimi. Zile hazikuungua, ni huyu. Mkiwa na mota, mletee huyu."

Vigelegele vilikatika. Miezi yote ile ya kuficha, koili zote zile, na yeye ameimwaga siri mbele ya foleni ya madumu kwa maneno machache, kwa sauti ya mtu anayetoa tangazo kanisani. Nilimkasirikia kuliko siku ile ya bisibisi. Nilitaka kumvuta mkono nimrudishe ndani ya pikapu.

Mwenyekiti alimshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru, akauachilia. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mota iliyokuwa inanguruma.

"Fundi," alisema, "hii joto ni sawa?"

Nilimgeukia Baba, kwa sababu hilo lilikuwa jina lake. Alikuwa ametugeuzia mgongo. Alitazama ziwa, mikono nyuma, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba hakukuwa na chochote huko alichokuwa anakitazama. Mwenyekiti aliningoja. Niliweka kiganja changu kwenye chuma, kando ya chake, nikakiacha pale hadi nikawa na hakika.

"Ni sawa," nikasema.